Muhali unawamaliza watoto wetu. Tukubaliane kabla halijatokea

BiKusini

Assalaam alaykum, wakubwa na wadogo.

Kila mwezi Ofisi ya Mtakwimu Mkuu inatoa takwimu za udhalilishaji wa wanawake na watoto hapa Zanzibar, zinasomwa redioni, tunasema "laa haula", tunatikisa vichwa, kisha tunaendelea na chai yetu. Leo sitaki takwimu. Nataka tuzungumze kinachotokea baina ya mlango wa mama na mlango wa sheha, mkuu wa shehia yetu, maana hapo ndipo mambo mengi yanapofia kwa muhali, ile haya ya kumuudhi ndugu au jirani, polisi hawajasikia hata harufu.

Sheria tunayo. Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na mwaka 2015 sheria hiyohiyo ilipata tuzo ya dhahabu ya World Future Council, moja ya sababu ikiwa watoto wenyewe waliulizwa maoni wakati inatungwa. Vituo vya Mkono kwa Mkono vya kuwahudumia waliodhalilishwa tunavyo, cha kwanza kilifunguliwa Mnazi Mmoja 2011. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi. Mahakama maalum ya makosa ya udhalilishaji tunayo tangu 2021. Kamati za shehia zipo, nyengine zinakutana kweli, nyengine zipo kwenye karatasi. Barabara yote imeshatiwa lami mpaka kwa hakimu. Kilichobaki ni kichochoro cha mwanzo, na kichochoro hicho ni chetu sisi majirani.

Anayetuhumiwa ni nani? Si jini wala popobawa. Ni ami yake mtoto. Ni mwenye duka. Ni kijana anayemsomesha hesabu jioni, mama yake ndiye aliyekuja kukukanda ulipojifungua. Mama wa mtoto anajua kwamba akisema leo, kesho hasalimiwi kisimani. Basi wazee wanaitwa, watu wanakaa kitako, "yamalizeni ndani kwa ndani", inatolewa pesa kidogo na sahani ya halua, na mwisho wa yote anayeondolewa mtaani ni mtoto, anapelekwa kwa bibi yake shamba. Aliyefanya anabaki anacheza bao.

Nnachosema mimi: shehia ikubaliane wakati wa salama, hajatajwa mtu, hakuna anayelia. Iseme mbele ya sheha, imamu na walimu kwamba likitokea hakuna kikao cha ukoo, na anayekwenda kuripoti si mama, ni watu waliochaguliwa, majina yao yanajulikana. Siku hiyo mama akiulizwa "umemshitaki shemeji yako?", jawabu lake ni kwamba si yeye, kijiji kilishaamua tangu mwaka juzi. Muhali unamweza mtu mmoja mmoja. Watu mia na hamsini waliokubaliana pamoja hauwawezi.

La pili ni la kwetu watu wa mwani. Bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kutoka, likifika tunafuata maji, na maji ya bamvua kwetu yanatoka asubuhi ile watu wanapotafuta kazi. Wanawake wote tuko pwani kiunoni majini. Watoto wa skuli wa mkondo wa mchana wako nyumbani, na wadogo wasiosoma wako nyumbani. Ratiba ya maji kila mtu anaijua, na mwenye nia mbaya anaijua vizuri zaidi. Sisi tumeanza zamu: siku ya maji wanawake wawili hawashuki, wanakaa uwanjani chini ya mwembe na watoto wa mtaa, na wenzao wanawafungia kamba zao za mwani. Haikuundiwa mradi wala haikupigiwa semina.

Haya, semeni nyinyi. Watu wa Pemba msikae kimya.

Shangani_Baraza

Waalaykum salaam Bi Kusini. Umeandika kwa uchungu na nimesoma yote. Lakini niruhusu niwe mtu mbaya wa uzi huu.

Hichi kijiji chako kilichokubaliana "hakuna kikao" siku moja kitampata mtu asiyefanya kitu. Sisi Wazanzibari tunajuana kwa fitina. Mtu ana ugomvi wa mpaka wa shamba na jirani yake, anamfundisha mtoto maneno matatu, na jina la mzee wa watu limekwisha. Mzee huyo hata akiachiwa na mahakama, nani atasali nyuma yake tena?

Na pia tusijidanganye. Haya mengi yameingia na simu na wageni wa mahotelini. Zamani hayakuwepo.

NesiMstaafu

Zamani yalikuwepo, mwanangu. Nimekaa wodini umri wangu wote, sasa nalima mchicha. Yalikuwepo, ila hatukuwa na daftari la kuyaandika. Wageni wabaya wapo, lakini mtoto anayeletwa kwetu karibu kila mara anamtaja mtu anayemjua kwa jina, na mara nyingi mtu huyo mama naye anamjua kwa jina.

Naacha siasa, naandika ya mkononi, kwa sababu kamati ya shehia inaweza kuwa na nia njema na ikaharibu kila kitu kwa nusu saa.

Msimuogeshe mtoto. Najua. Kitu cha kwanza mama anachotaka ni kumtia majini na kuzifua zile nguo. Mwacheni alivyo. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au bahasha ya khaki, zisitiwe kwenye plastiki, maana humo zinatoa unyevu na ushahidi unaoza. Apelekwe Mkono kwa Mkono siku ileile. Pale daktari, polisi, mtu wa ustawi wa jamii na wa ushauri nasaha wanapatikana pamoja, mtoto hazungushwi ofisi kwa ofisi. Na si mjini tu, Chake Chake kipo na kwengine vipo. Dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea ni hasara. Zikipita saa hizo, mleteni vilevile. Watu wanasema "keshachelewa", wanamweka ndani. Hajachelewa kutibiwa na hajachelewa kusikilizwa.

Jengine ni maswali. Mama anamuuliza, shangazi anamuuliza, sheha anamuuliza, jirani aliyeleta uji anamuuliza. Kufika kwa polisi mtoto amesimulia mara nane, na kila aliyemuuliza amemtilia neno lake mdomoni. Wakili wa upande wa pili anakula hapo. Mwulizeni nani, wapi, na unaumwa wapi, basi. Mwambieni hajafanya kosa, mnyamaze, mwondoke naye.

Na la mwisho, nalisema kwa sababu vikao vyote nnavyokwenda vinazungumza watoto wa kike tu. Ule utafiti wa kitaifa wa 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto ulikuta kwa Zanzibar wasichana kama 6 katika 100 walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana walikuwa 9. Someni tena. Wavulana walikuwa wengi zaidi. Watoto wetu wa kiume tunawaacha walale popote, kambini, chuoni wanakosoma Qur-ani, dagoni kwa wavuvi, kwa sababu "yeye mwanamme".

SinaJina77

Mimi ni mmoja wa hao 9.

Sitaeleza. Nataka kusema kitu kimoja tu. Niliacha kwenda chuoni. Kila mtu nyumbani aliona kwamba mtoto aliyekuwa anahifadhi vizuri hataki tena kwenda. Nilipigwa kwa utoro. Baba alinipiga, kisha akanirudisha kwa mkono wake mpaka mlangoni. Baba yangu alikuwa mtu mzuri, Mungu amrehemu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini.

Mkikaa na hayo makubaliano yenu, andikeni na hilo. Mtoto akikataa ghafla mahali au mtu, bakora iwekwe chini kwanza.

NesiMstaafu

Mwanangu, Mungu akuhifadhi. Huduma ya ushauri nasaha haina umri. Ukitaka niandikie faragha, wala huhitaji kuniambia zaidi ya ulichosema hapa.

Ustadh_Ngambo

Kaka yangu SinaJina, nimesoma maneno yako nikafunga simu, nikaifungua tena baada ya swala ya isha.

Mimi nasomesha chuo, kwa hiyo nitazungumza na walimu wenzangu, na wasinikasirikie. Kuna mambo mawili tunayatumia vibaya.

La kwanza ni sitara. Mtu anakwambia, "Shekhe, Muislamu anamsitiri mwenzake, Mungu atamsitiri Kiyama." Kweli. Lakini sitara hiyo ni ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake, mtu kateleza, kajificha, anatubu. Aliyemdhulumu mtoto ana deni la mtu, na deni la mtu halisitiriwi na mtu wa tatu kwa niaba ya mdai. Na akiwa bado anaishi karibu na watoto, kumficha ni kumfungulia mlango. Nimelisema hili kwenye khutba, kuna wazee walinuna. Wanune. Mtume (S.A.W.) alisema kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya anachokichunga. Hakusema ataulizwa juu ya heshima ya ukoo wake.

La pili ni kuhamisha. Mwalimu anasikiwa vibaya mahali, wazazi wanamuonea muhali, anaambiwa aondoke kimya kimya. Mwezi haujesha anasomesha shehia nyengine, na kule wanampokea kwa dua kwa sababu hakuna aliyepiga simu. Muhali wa kijiji kimoja ni msiba wa kijiji cha pili. Kwetu sasa mwalimu mgeni hapewi darasa mpaka wazee wawili wamekwenda alikotoka wakauliza ana kwa ana. Na chuo kiandikishwe, kijulikane Ofisi ya Mufti, kisiwe ukumbi wa mtu na funguo zake.

Ndani ya chuo: madirisha wazi, hakuna darasa la mwanafunzi mmoja, mtoto hatumwi chumbani kwa mwalimu kupeleka maji wala kufua kanzu, wakubwa hawalali na wadogo. Mzazi yeyote anaingia wakati wowote bila kubisha hodi. Mwalimu safi hapotezi kitu hapo. Mimi hunifurahisha mama wa watu akichungulia, namwambia akae asikilize mwanawe anavyosoma.

Shangani_Baraza

Ustadh, nakuheshimu. Suala langu la fitina bado halijajibiwa.

Msaidizi_wa_Sheria

Nijaribu mimi, kaka Shangani, ndiyo kazi yetu huku mashamba.

Hofu yako ina msingi, lakini unaipeleka siko. Kamati ya shehia haihukumu. Haimwiti mtuhumiwa, haimhoji, haimpigi, haimfukuzi. Kazi yake ni kumtoa mtoto pale alipo na kulifikisha jambo kwa wanaojua kulichunguza. Mtu asiye na hatia analindwa zaidi na uchunguzi wa daktari na polisi kuliko na kikao cha barazani, kwa sababu kikao cha barazani hakimsafishi mtu. Atalipa, yatakwisha, na mpaka anakufa wataambiana "yule si alilipa?" Kama unataka kumlinda mzee wa watu na fitina, wewe ndiye wa mwanzo kukataa sulhu.

Sasa mnisikilize nyote, maana kesi haifi mlangoni tu, inafia na njiani. Jambo limeripotiwa, fomu ya polisi ya matibabu, PF3, imejazwa, mtu amekamatwa, watu wanapongezana. Baada ya hapo kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa tena. Shahidi ni mwanamke anayeuza maandazi. Kila akienda mahakamani anapoteza siku ya biashara na nauli ya kwenda na kurudi. Mara ya tatu hatokei. Hapo katikati shangazi wa mtuhumiwa ameshapita kwake usiku na kanga doti moja: "Dada, sisi ni ndugu, mtoto wetu ataozea jela." Au wazazi wa pande mbili wameshakubaliana ndoa, msichana ana miaka 15. Mwendesha mashtaka anabaki na jalada lisilo na mtu wa kulisemea, kesi inaondolewa. Kisha sisi hao tunalaumu mahakama imekula rushwa. Pengine imekula, sijui, lakini shahidi naye alikula ile kanga.

Kwa hiyo makubaliano ya Bi Kusini yasiishie kwenye kuripoti. Watajwe watu wa kumsindikiza shahidi mpaka siku ya hukumu.

Na asiye na pa kuanzia apige 116, Simu kwa Mtoto, bure. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Dreva_502

Mimi si mtu wa maneno mengi. Gari za skuli. Angalieni mtoto wa mwisho kushuka. Utingo hayupo, wenzake wote wameshashushwa, kabaki yeye na dereva dakika ishirini. Sisi kwenye kikundi chetu tumesema wa mwisho washuke wawili nyumba jirani, au awepo mwanamke wa skuli ndani ya gari mpaka mwisho. Mwenye gari anayekataa wazazi wamuulize anakataa nini.

Mwl_Konde

Bi Kusini umetuita, tumekuja. Pemba tulikuwa juu ya mikarafuu.

Si utani, msimu wenyewe ndio ajenda yangu. Watu wa Unguja mjini mnaiona karafuu kwenye magunia. Sisi tunaona yanayotokea chini ya mti. Msimu ukiwa mkubwa, nyumba zinabaki tupu kuanzia alfajiri. Wachumaji wanatoka kwengine, wanakaa kambi, hakuna anayewajua. Usiku watu wanachambua, taa moja, watoto na watu wazima mchanganyiko, na aliyechoka analala hapohapo juu ya jamvi.

Halafu kuna mpeta. Kwa wasiojua, mpeta ni zile karafuu zilizoanguka chini, watoto wanapita wakiokota. Mtoto wa miaka minane anaingia peke yake shamba la mtu, kichaka kimefunga, na kuna mtu mzima ananunua mpeta kwake. Anamlipa biskuti, mara nyengine zaidi ya thamani yake. Hiyo "zaidi" ndiyo nnayoiogopa. Mtu mzima anayempa mtoto zaidi ya haki yake na kumwambia asiseme nyumbani, huyo hanunui karafuu.

Tuliyoyafanya skulini kwetu ni madogo. Mwanzoni mwa msimu tunazungumza na wazazi kwenye mkutano wa skuli: mtoto haendi mpeta peke yake, wanakwenda kwa kundi na mkubwa wao anajulikana, anayenunua mpeta kwa watoto aambiwe na wenye mashamba anunue kwa wazazi, wakati wa kuchambua watoto wana chumba chao na bibi mmoja. Bibi zetu wakipewa kazi hiyo, nakwambieni, hata paka hapiti.

Tatizo la pili ni kambi za mitihani. Wanafunzi wanalala skuli wiki nzima kabla ya mtihani, na mwalimu wa zamu mmoja, tena kijana. Mimi ni mwalimu na nasema kambi bila mama wa kulala na wasichana na baba mtu mzima wa kulala na wavulana isifunguliwe. Wenzangu wananiambia nawavunjia heshima. Mtihani unafanywa na mtoto aliyelala vizuri.

Na sikukuu! Siku nne za Idd tunawavisha watoto nguo mpya, tunawapa pesa mfukoni, tunawaachia mpaka usiku kwenye viwanja. Huko Unguja nasikia Kariakoo hapapitiki. Nani anamwangalia nani?

BiKusini

Mwalimu, hapo kwenye sikukuu umenigusa. Tukiwa wadogo tulitoka mtaa mzima pamoja, dada mkubwa mmoja anashika pesa za wote, na ole wake arudi na pungufu ya mtoto. Siku hizi kila mtoto na wake.

Nami niongeze la jikoni, maana wanaume mmezungumza kamati na mahakama. Watoto wetu hawana maneno ya kusema kilichowapata. Tunawafundisha jina la jicho na pua, kwengine kote tunasema "huko" na "hichi kidude", na akitaja tunampiga kofi la mdomo. Mtoto aliyepigwa kofi kwa kutaja, siku akiguswa atasema nini? Binti yangu nilimfundisha wakati namwogesha, bila mkutano: hapa panaguswa na wewe mwenyewe, mama akikuogesha, na daktari mama yuko pembeni. Mtu mwengine akigusa, au akikutaka wewe umguse, piga kelele, kimbia, njoo useme, hata kama ni babu. Bibi yake alisema namharibu. Nikamwambia, mama, wewe ulinifundisha nisile kwa watu nisije nikarogwa, hili ndilo lile lile.

Na siri. Nyumbani kwangu mtoto hana siri na mtu mzima yeyote. Zawadi inaletwa ndani, inaonekana na wote, aliyeitoa anatajwa. Mwenye nia njema hajali.

Shangani_Baraza

Sawa, hoja ya Msaidizi nimeikubali, kwamba kikao cha baraza hakimsafishi mtu. Sikuwahi kuisikia ikisemwa hivyo.

Lakini hakuna aliyetaja magrupu ya WhatsApp. Wiki haipiti sijaletewa picha ya mtoto, sura yake, jina la baba yake, na skuli anayosoma, "sambaza mpaka imfikie mhusika". Mtoto huyo atakuwa na miaka ishirini na picha ile bado inazunguka. Na picha ya mtuhumiwa nayo inarushwa hajafika hata kituoni, kumbe si yeye, ni mtu mwenye jina kama lake. Nyinyi wenye kamati, hili linawahusu. Anayevujisha jina la mtoto atolewe kwenye kamati siku hiyohiyo, hata awe mtoto wa sheha.

Msaidizi_wa_Sheria

Hilo liandikwe la kwanza kabisa, kaka. Nakushukuru. Mama akiona jina la mtoto wa jirani limezagaa, wake hatamleta.

MtunzaSanduku

Habari zenu. Mimi ni mshika sanduku wa kikundi cha hisa, cha kuweka na kukopa, wanawake watupu, Kaskazini. Nimekuwa nasoma kimya ila hapo kwenye nauli ya shahidi nimesimama.

Sisi tuna mfuko wa jamii, kila mkutano tunatia kidogo. Katiba yetu inasema ni kwa msiba, ugonjwa na nyumba kuungua. Mwenzetu mmoja mtoto wa dada yake yalimkuta, na kesi ilipoanza kuitwa tulikuwa tunachanga pembeni, kwa aibu, kama tunafanya jambo baya. Sasa nauliza: kwa nini isiwe ndani ya katiba? Msiba, ugonjwa, moto, na kwenda mahakamani kwa kesi ya mtoto. Vikundi vya hisa viko kila shehia. Hatuhitaji mfadhili.

BiKusini

Shoga yangu, umelimaliza.

Mwl_Konde

Hajalimaliza. Mimi niulize kama mwalimu wa hesabu. Kesi inaahirishwa mara ngapi? Mfuko utafilisika, kisha akifa mtu hamna sanda.

MtunzaSanduku

Mwalimu, wekeni kiwango. Sisi tunafikiria nauli ya watu wawili kila tarehe, shahidi na msindikizaji, na biashara yake siku hiyo inauzwa na mwenzake. Maandazi hayajui nani kayauza. Zikizidi tarehe, tunakwenda kwa kikundi cha pili na cha tatu, kila kimoja kinabeba mwezi wake. Na shahidi akijua kuna wanawake thelathini wanangoja arudi awaeleze kilichosemwa, ile kanga ya usiku ataipokea vipi?

Msaidizi_wa_Sheria

Atajificha nayo chooni. Endeleeni hivyohivyo. Ila tarehe ya kesi muichukue kwa karani wenyewe na muiandike kwenye daftari la kikundi, msingoje kuletewa. Watu wengi wanakosa mahakama kwa sababu waliambiwa Jumatano ikawa Jumanne.

Dreva_502

Na shahidi mwanamme je? Naye atalipiwa na akina mama?

MtunzaSanduku

Nauli atalipiwa. Chakula ale kwake.